Diski ya Darini

Asubuhi ile Sekela alikuwa anageuza kahawa kwenye vichanja. Baridi ya Igamba ilikuwa kali, vidole vimekufa ganzi. Simu ikaita. Alikuwa baba yake, Enoka, dereva wa lori.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sekela, niko foleni mpakani Tunduma. Leo navuka, naelekea Kongo, mwezi mzima. Nikishavuka, laini hii haishiki tena. Zile nyimbo za kwaya ya mama yako zipo?"

"Zipo kwenye diski, baba. Bibi ameitunza."

"Nitumie ule anaoimba peke yake." Nyuma yake magari yalikuwa yanapiga honi. "Mwanangu, sauti ya mama yako imeanza kunitoka. Najaribu kuikumbuka, haiji."

Mama yake, Ketrina, alifariki mwaka jana, ghafla. Enoka alikuwa safarini. Alipofika, alikuta wameshazika siku tatu zilizopita. Simu ya Ketrina ilipotea palepale msibani. Sauti yake ilibaki sehemu moja tu, kwenye ile diski. Mpiga picha aliyeirekodi kwaya alishahama, na hapakuwa na nakala nyingine.

"Nakutumia leo, baba," Sekela akasema.

Akakimbilia jikoni kwa bibi yake, Ruti.

"Bibi, diski iko wapi?"

"Iko salama. Darini, pamoja na mbegu."

Dari hiyo iko juu ya mafiga. Ndiko bibi anakoning'iniza mahindi ya mbegu, ili moshi ufukuze wadudu. Bibi akapanda kwenye kigoda, akashusha kifurushi cha kitambaa. Ndani mlikuwa na kiboksi cheusi, kidogo kama kitabu cha nyimbo, pamoja na waya wake. Kitambaa kilinuka moshi.

"Mwaka mzima hakuna mdudu aliyeigusa," bibi akasema kwa furaha.

Sekela akaenda mbio kwa mjomba wake, Zabron, mdogo wa mama yake. Zabron ana laptopu kuukuu. Kazi yake ni kujaza nyimbo kwenye simu za watu. Akachomeka diski. Kimya. Akachomoa, akachomeka tena. Taa ndogo ikawaka, ikazima. Akaupinda waya kidogo. Taa ikawaka. Maandishi yakatokea kwenye kioo.

"Inasemaje?" Sekela akauliza.

"Inauliza kama tuifomati. Tunakubali tu, itafunguka."

"Kufomati ndiyo nini?"

"Kusafisha."

"Kusafisha nini, mjomba?"

"Si uchafu uliomo ndani!"

"Na nyimbo?"

Kidole cha Zabron kilikuwa juu ya kitufe. Sekela ni msichana wa aibu, hajawahi kumbishia mkubwa. Lakini mkono wake ulishafika. Akamshika mjomba wake kifundo cha mkono.

"Mjomba, usibonyeze."

"We mtoto, baba yako yuko foleni!"

"Naomba usibonyeze. Twende Nanyala, kwa Mama Ikram."

Zabron akamtazama. Akaona mkono ule haumwachii. Akafunga laptopu, akaenda kuwasha pikipiki.

Mama Ikram ana duka la steshenari kando ya barabara kuu. Anatoa kopi, anachapa barua, anatengeneza kompyuta. Sekela akamweleza yote, mpaka habari ya kidole na kitufe.

"Nani alikuzuia usibonyeze, Zabron?" Mama Ikram akauliza.

"Huyu hapa."

"Basi mnunulie soda. Kufomati ni kama kung'oa shamba zima ili upate pa kupanda. Kompyuta ikikuuliza hivyo na vitu vyako bado vimo ndani, unakataa. Unakataa, halafu unatafuta tatizo liko wapi."

Akaigeuza diski. Akamulika pale waya unapoingia.

"Mungu wangu. Haya masizi yametoka wapi?"

"Ilikaa darini," Sekela akasema kwa sauti ndogo. "Juu ya moto. Pamoja na mbegu."

"Bibi yako alitaka ziote nyimbo mpya?"

Zabron akacheka. Sekela hakuweza kucheka. Simu yake ilikuwa imetoa mlio. Baba ameandika: *Foleni inasogea. Malori kumi mbele yangu.*

Zabron akainama apulize masizi.

"Acha!" Mama Ikram akamzuia. "Pumzi yako ina mate. Maji hayatakiwi hapo." Akachukua brashi ndogo, kavu, laini. Akapangusa taratibu, huku mdomo wa diski umeelekea chini ili masizi yadondoke. Kisha akauangalia waya. "Na huu umekatika kwa ndani. Ndiyo maana ukiupinda inawaka, ukiuachia inazima. Diski haikupata umeme wa kutosha, laptopu ikashindwa kuisoma vizuri. Yale maswali ya kufomati yanatoka hapo."

Akatoa waya mwingine. Akazunguka nyuma ya kompyuta yake ya mezani.

"Kwa nini nyuma, wakati matundu ya mbele yapo?" Zabron akauliza.

"Ya mbele mara nyingi umeme wake mdogo. Sasa nyamazeni. Nataka kuisikiliza. Ikigonga ta, ta, ta, nachomoa hapohapo, na hatujaribu tena. Hapo itakuwa imeumia ndani. Itabidi iende kwa wataalamu wa kuokoa diski."

Akachomeka. Sekela akafumba macho. Lori lilipita nje, madirisha yakatikisika. Lilipotokomea, akasikia mvumo mdogo, kama nyuki mmoja yuko mbali.

"Inazunguka vizuri," Mama Ikram akasema.

Lakini kwenye kioo hakikutokea kitu.

"Nilijua," Zabron akasema. "Imekufa."

"Wewe daktari wa wapi, unatangaza vifo tu?" Mama Ikram akafungua ukurasa mwingine, unaoonyesha diski zote, hata zilizojificha. "Hii hapa. Ipo. Kila diski kompyuta huipa herufi, kama namba ya nyumba. Hii haijapewa, ndiyo maana hatuoni mlango wake. Naipa herufi M."

Akabonyeza mara mbili. Mafaili yakajipanga. Sekela akasoma jina la kwanza, la pili, la tatu. La tatu lilikuwa la mama yake.

"Fungua tusikie!" Zabron akasema.

"Tunakopi kwanza. Diski iliyosumbua haichezewi. Unatoa vitu vyako, unaweka mahali pengine, ndiyo unasikiliza. Naanza na huo wa tatu."

Simu ikatoa mlio. *Malori matatu.*

Mstari wa kijani ukaanza kusogea. Robo. Nusu. Ukasimama. Sekela akauma kidole. Ukasogea tena, mpaka mwisho. Mama Ikram akautoa wimbo peke yake bila picha, uwe mwepesi kutuma. Ndipo akaufungua.

Ketrina akakohoa kidogo, akaimba. Mteja aliyeleta cheti kutoa kopi alisimama tu na karatasi yake. Mwisho wa wimbo ikasikika sauti ile ile, ya kuongea sasa: "Jamani, nimekosea pale kati?" Kwaya ikacheka. Zabron akatoka nje, akasimama karibu na pikipiki, amewapa mgongo.

Mama Ikram akauhamishia kwenye simu ya Sekela, naye akautuma kwa baba. Ikatokea alama moja ya tiki. Akasubiri ya pili, ya kuonyesha umemfikia. Akapiga. Haipatikani; ameshavuka.

Mama Ikram akakopi nyimbo zote kwenye flashi mbili. "Moja mpe katibu wa kwaya, moja abaki nayo mjomba wako. Zisikae nyumba moja. Diski ikae kabatini, pakavu, mbali na moto na vumbi. Na kabla ya kuchomoa, unaiambia kwanza kompyuta iitoe. Usivute tu waya."

Njiani wakampitishia katibu wa kwaya flashi yake. Nyumbani, bibi akasikiliza wimbo kwenye simu mara nne. Kisha akaipokea diski kwa mikono miwili, akaifungia ndani ya kabati la nguo.

"Mbegu ni mbegu," akasema. "Kumbe hii ina njia yake. Enoka amesemaje?"

"Bado, bibi."

Sekela akarudi kwenye vichanja kufunika kahawa. Alipomaliza, akakaa juu ya ndoo, akaandika: *Baba, mama yupo. Tumemweka sehemu tatu, hawezi kupotea tena. Ukipata mtandao fungua, usikilize mpaka mwisho.*

Akatuma. Tiki ikawa moja. Akaishika simu mkononi mpaka kioo kikazima chenyewe.