Mkebe wa Uzi Mwekundu

Uvumi aliuleta Maggie, jirani yangu wa kibanda cha mboga, asubuhi nikiwa ndiyo tu nimefungua kazi. Mimi hufuma sweta za shule kwa mashine ya mkono hapa Gitothua, Ruiru, na Maggie hupenda kuegemea meza yangu kabla wateja hawajaanza kuja. Alisema amesikia kule wanakochota maji kwamba watoto wa Gredi ya Sita wana mchezo wa kumpima Mungu, na kwamba kuna aliyesema wazi kuwa Mungu hayuko. Kisha akanitazama, akaongeza polepole kwamba Waruguru wangu yumo.

Nilimjibu kwamba watu husema mengi. Lakini siku hiyo nilifuma mkono mmoja wa sweta mrefu kuliko mwenzake, ikabidi niufumue wote. Kila nilipovuta mashine, maneno ya Maggie yalikuja pamoja na uzi. Huku kwetu mtoto akishasemwa hivyo, kesho watasema ameingizwa mambo ya shetani, na kesho kutwa wazazi watawakataza watoto wao kukaa naye dawati moja.

Basi nikaanza kumchunguza. Waruguru alikuwa akiondoka nyumbani mapema kufagia darasa, hata wiki ambayo si zamu yake. Alibeba chupa ya maji iliyojaa hadi kwenye kifuniko, na bado jioni alirudi na kiu, akinywa kikombe baada ya kikombe. Na uzi wangu mwekundu ulikuwa umekatwa kipande. Niliyaweka mambo hayo pamoja na sikupata maana yoyote. Nilipata hofu tu.

Jioni tukichambua maharagwe nilimuuliza.

“Waruguru, ni nani amesema Mungu hayuko?”

“Si mimi, Mama. Ni Maina. Mimi niko upande wa Mungu.”

“Kwani kuna mechi?”

Alicheka kidogo, kisha akanieleza. Katika kipindi cha dini, Mwalimu Erastus aliwaachia wajadiliane: tunajuaje kwamba Mungu yuko? Waruguru alikuwa wa kwanza kusimama. Alivuta sweta yake mbele ya darasa, akasema sweta hii haikujifuma, mama yangu aliifuma. Basi dunia yenye jua na mvua na watu ndani yake itakuwaje imejifuma? Wenzake walimpigia makofi.

Maina akasimama. Huyo ni kijana mwembamba, anaishi na mama yake mtaa wa pili kutoka kwetu, na hunyamaza hadi awe na la kusema. Alisema mama yake Waruguru naye alizaliwa na mtu. Sasa huyo aliyefuma dunia alizaliwa na nani? Darasa lote likaangua kicheko. Hayat, rafiki mkubwa wa Waruguru, akamjibu kwamba hata kuhesabu kuna mahali kunapoanzia, huwezi kuuliza kabla ya moja kuna nini. Maina akasema kuna sufuri. Walicheka hadi mwalimu akagonga meza.

Baada ya hapo Maina hakutania tena. Alisema cucu wake, yaani nyanya yake aliye Gatuanyaga, aliomba mvua msimu mzima. Aliomba kanisani na aliomba zizini. Mbuzi wake wakafa mmoja mmoja. Jirani yake, mlevi asiyejua mlango wa kanisa, hakupoteza hata kuku. “Kama Mungu yuko na anasikia,” Maina alisema, “alikuwa anangoja nini?” Waruguru alijaribu kusema kwamba mzazi mwema pia huweza kumnyima mtoto kitu kwa sababu anazozijua mwenyewe. Maina akauliza mbuzi alikuwa amekosa nini. Kengele ikalia.

Wakati wa mapumziko ndipo Maina alipotoa wazo la mikebe. Wachukue mikebe miwili ya mafuta ya kupikia, wapande maharagwe, waiweke kwenye dirisha la darasa, wamwagilie siku ya kwanza tu, kisha basi. Mkebe mmoja uombewe kila siku, mwingine uachwe. Wa kuombewa ukibaki hai bila maji, yeye Maina atakubali. Waruguru aliufunga mkebe wao kwa uzi mwekundu. Yeye aliuombea kwa namna yake na Hayat, ambaye kwao ni Waislamu, kwa namna yake.

Nilipumua. Nilimwambia mambo ya Mungu hayapimwi kwa mkebe, na kwamba akawaambie wenzake waache. Alisema sawa, lakini macho yake yalikuwa kwenye maharagwe.

Hawakuacha. Ulikuwa mwezi wa Februari, jua la kuchoma mabati. Mikebe yote miwili iliota, kisha ule usio na uzi ukaanza kunyauka, majani yakajikunja kama karatasi iliyokaribia moto. Mkebe wa uzi mwekundu ulisimama kijani. Watoto wa madarasa mengine walikuja kuchungulia dirishani. Maina alikuwa akienda kuutazama kila mapumziko.

Maggie naye akageuza habari. Sasa mtoto wangu hakuwa tena mkana Mungu. Alikuwa na upako, na ingefaa nimtume akamwombee shemeji yake Maggie aliyevimba mguu. Nilimwambia shemeji aende hospitali.

Ungedhani Waruguru angefurahi. Lakini alianza kusukuma ugali kando ya sahani, na ukimwita anashtuka. Nilimgusa paji la uso nikitafuta homa na sikuipata. Nikawa nawaza, labda kweli kuna kitu kimemwingia mtoto huyu.

Jumamosi Hayat alikuja kwenye kibanda kupimwa sweta. Mama yake, Mwanarusi, huuza viazi karai, vile vya kuchovya kwenye unga na kukaanga, karibu na barabara kuu, na tumejuana tangu watoto wetu wakiwa chekechea. Hayat ana kifafa. Tangu mdogo humeza kidonge asubuhi na jioni, na ilikuwa imepita miaka bila kuanguka, hata mimi nilikuwa nimesahau. Nilikuwa nikimpima mabega alipoacha kunijibu. Midomo yake ilikuwa ikitafuna na hakuwa na kitu mdomoni.

“Mama, mshike,” Waruguru akasema.

Nilimdaka kabla kichwa hakijagonga chuma cha mashine. Mwili ukaanza kutetemeka wote. Nilisukuma kiti na mkasi mbali, nikaweka sweta mbili chini ya kichwa chake. Maggie alifika mbio na kijiko, anataka kukitia kati ya meno yake, huku akisema haya ndiyo matunda ya watoto kucheza na jina la Mungu. Mwanarusi alikuwa amenifundisha zamani: usimtie chochote mdomoni, usimfinyilie chini, usimpe maji.

“Maggie, weka kijiko chini,” nikamwambia. “Mwite mama yake.”

Mtetemeko ulipopungua nilimgeuza alale kwa ubavu, mate yatoke. Waruguru alikuwa amepiga magoti pale, analia bila sauti. Nilidhani anamlilia rafiki yake. Nilikuwa sijajua nusu ya habari.

Kliniki haiko mbali. Mwanarusi alimbeba Hayat mapajani kwenye bodaboda, mimi na Waruguru tukafuata kwa miguu. Tulipofika daktari alikuwa tayari amempima na anauliza maswali. Mwanarusi, mikono bado ina unga wa viazi, alimwambia mtoto hajawahi kukosa dawa, kila siku anampa yeye mwenyewe. Daktari akatikisa kichwa. Alisema kama ni hivyo, basi dozi hiyo imeshindwa, itabidi aiongeze, na huenda mtoto akasinzia darasani mwanzoni, lakini hakuna njia nyingine. Akachukua kalamu.

Nilimwona Waruguru akiitazama ile kalamu kama mtu anayetazama gari linalomjia.

“Hakumeza,” akasema.

Wote tukageuka.

“Hayat hajameza dawa wiki hii yote. Anaziweka chini ya ulimi, halafu anazitia kwenye mfuko wake wa kalamu. Alinionyesha Jumatano. Aliniambia nisiseme.”

Mwanarusi alimuuliza kwa nini. Aliuliza kwa upole sana, na upole huo ndio ulionitisha. Hayat, amelala kitandani, macho mazito, akajibu mwenyewe. Alisema maharagwe yao yaliishi bila maji, kwa maombi tu. Yeye mwenyewe aliyaombea. Kwa hiyo aliona hata yeye anaweza kuishi bila dawa.

Hapo Waruguru wangu akakaa sakafuni. Alisema maharagwe hayakuishi bila maji. Alikuwa akiyamwagilia yeye, kila asubuhi kabla wenzake hawajafika, kwa maji ya chupa yake. Aliogopa mkebe ukinyauka darasa lote litasema Mungu hayuko, na yeye ndiye aliyemtetea. Halafu Hayat alipomwonyesha vidonge, akaogopa zaidi. Akinyamaza, Hayat ataanguka. Akisema, atakuwa amemwambia rafiki yake kwamba maombi yao yalikuwa uongo.

Daktari aliweka kalamu chini. Alisema dozi itabaki ile ile, mtoto arudie vidonge vyake, na kwamba kumwongezea dawa asiyoihitaji kungemdhuru. Alimshukuru Waruguru kwa kusema. Mimi sikumshukuru. Nilikuwa nikifikiria ile mashine ya chuma na kichwa cha mtoto wa watu.

Mwanarusi alivuta kiti karibu na kitanda.

“Hayat, mimi asubuhi nikikupa kidonge husema nini kwanza?”

“Bismillahi.”

“Kwa hiyo naomba?”

“Unaomba.”

“Kisha nakupa kidonge. Ulidhani hivyo ni vitu viwili vinavyogombana? Mwanangu, nikiacha kuomba moyo wangu hautatulia. Nikiacha kukupa dawa, nitakuzika. Vyote nitafanya, na wewe utameza mbele yangu na kufungua mdomo nione.”

Jumatatu nilifunga kibanda nikaenda na Waruguru shuleni. Alisimama mbele ya darasa akaeleza habari ya chupa ya maji. Kuna waliocheka, na kuna aliyemwita nabii wa mkebe. Habari ya vidonge hakuitaja, kwa sababu hiyo ilikuwa ya Hayat. Nilimtazama Maina, nikijua atashangilia, maana sasa ameshinda. Hakushangilia.

“Mimi nilikuwa nimempigia cucu simu,” alisema. “Nilimwambia nimekubali. Nilikuwa nimeanza kuomba.” Akatazama dawati. “Sasa nitamwambia nini?”

Mwalimu Erastus aliichukua ile mikebe dirishani akaiweka mezani, wa kijani na wa kunyauka. Alisema kuuliza kama Mungu yuko si dhambi, na si aibu. Watu wenye akili wameulizana tangu zamani na bado wanaulizana. Wapo wanaoutazama ulimwengu wakasema una mwenyewe, na wapo wanaotazama mateso ya wasio na kosa wakasema hawaoni mtu. Kila upande una haki ya kusikilizwa.

“Lakini Waruguru,” akasema, “ukimtetea Mungu kwa uongo, ni kama umesema hawezi kusimama mwenyewe. Na anayekuamini leo, kesho hataamini hata ukweli wako.” Kisha akamgeukia Maina. “Swali lako la mbuzi sina jibu lake. Mimi naamini, na bado sina. Usikubali mtu akunyamazishe kwa mkebe.”

Jioni Waruguru aliomba simu yangu ampigie cucu wa Maina. Maina alikuwa amesimama karibu naye. Waruguru alieleza yote, akaomba msamaha. Nilisikia yule mama mzee akikohoa, kisha akasema mambo mengi kwa utaratibu. Alisema yeye alikuwa akimwombea Maina kabla ya hiyo mikebe na ataendelea. Na kuhusu wale mbuzi, alisema Maina asifikiri yuko peke yake. Yeye naye humuuliza Mungu swali hilo hilo kila anapopita zizini.

Maina alichukua simu, akaenda nayo nje. Waliongea hadi salio likaisha.

Mimi niliishia darasa la nane na mabishano ya wasomi siyawezi. Lakini nilimwona mtoto akitetemeka sakafuni kwa sababu ya chupa ya maji, kwa hiyo ninyi watoto mnaosoma hapa, na wazazi wenu, mniandikie haya mahali mtakapoyaona. Mambo ya kuepuka:

Usiache dawa uliyopewa na daktari bila kumwambia daktari.

Usifiche siri ya rafiki inayoweza kumuua, hata kama uliapa.

Usimtie mtu aliyeanguka kifafa kijiko mdomoni, wala maji, wala kidole.

Usiseme mtoto mgonjwa ana shetani.

Usibebe maneno ya kisimani kabla hujamuuliza mwenyewe.

Usitumie uongo kuthibitisha jambo lolote, hata jambo zuri. Hata Mungu.

Usimfokee mtoto anayeuliza Mungu yuko wapi. Keti naye, hata kama huna jibu.