Beseni la Mwalimu Wekoye

Mwihaki alimpenda Hesbon akiwa na mavi ya ng'ombe hadi kwenye soksi.

Ilikuwa siku ya maonyesho ya kilimo Kitale, mwaka wa 2006, na watu walikuwa wamejaa uwanjani hata pa kugeukia hapakuwa. Mwihaki, na gambuti zake na sketi ya jinzi, alikuwa ameshika kamba ya ng'ombe wa baba yake kutoka Endebess, akingoja majaji. Kijana mwenye koti la mtumba na bahasha kubwa kwapani akaja mbio, macho juu, akakanyaga rundo zima.

“Ati unakimbia wapi bila kuangalia chini?”

“Mwalimu Wekoye anaongea kwa ile tenti! Yule mwandishi! Nataka asome hadithi yangu.”

“Na atasoma akiwa ameziba pua? Lete mguu, bana.”

Akachukua jagi, akammwagia maji kiatuni huku akicheka. Kabla ya jioni alikuwa amempa namba yake ya simu.

Tangu hapo ikawa ni simu tu. Hesbon, aliyekuwa akiuza saruji Bungoma, alipiga na kukata kwa kukosa kredo, naye Mwihaki akampigia.

“Dia, Mwalimu amenichukua! Tuko vijana kadhaa, tunaenda kwake kila Jumamosi. Akisoma kitabu changu ataniandikia dibaji.”

“Na ameanza kusoma?”

“Bado. Tunapalilia kidogo, tunalisha kuku wake. Si ni heshima tu?”

Mwaka ukaisha hivyo. Simu zikawa Mwalimu amesema hivi, Mwalimu hapendi vile. Hatimaye Mwihaki akaalikwa Bungoma kumwona huyo Mwalimu. Akavaa gauni lake la kitenge, akasukwa nywele, akaenda.

Mzee alikula firigisi peke yake, mafuta yakimtiririka kidevuni, vijana wakitazama. Alipomaliza akaita, “Beseni!” Hesbon akapiga magoti nalo. Mwalimu Wekoye akanawa, akabugia maji, akasukutua kwa kelele, kisha akatema humo humo mate na vipande vya nyama. Mengine yakamrukia Hesbon mkononi.

Hesbon akatabasamu. “Asante, Mwalimu.”

“Karibu hapa kando yangu, msichana,” mzee akasema. “Huyu wako atafika mbali. Anajua kushika beseni.”

Vijana wakacheka. Hesbon pia akacheka. Mwihaki akainuka, akatoka nje. Hesbon akamfuata.

“Amekutemea mate, Hesbon!”

“Ni mzee. Si ni maji tu?”

“Na ukasema asante! Nilikuosha mavi na sikuona kinyaa. Leo nikikuangalia nataka kutapika.”

“Hiyo dibaji ndiyo itanifungulia milango. Unataka niuze saruji hadi nife?”

“Muuza saruji ningeolewa naye. Mbeba mate, hapana.”

Akarudi Kitale na hakushika simu zake tena. Kilichomchukiza zaidi ni kwamba bado alimpenda.

Masika yalipokwisha, alikuwa katika duka lao la maziwa mjini aliponusa kuku. Kuinua macho, akamwona Hesbon mlangoni na gunia begani.

“Toa hiyo kitu hapa! Kuna maziwa!”

Akalitua nje.

“Nilitumwa nikusanye mayai,” akasema. “Kuku mmoja akakataa kutoka. Nikamsukuma. Alikuwa amelalia bahasha yangu, Mwihaki. Vile niliifunga, Mwalimu hajawahi kuifungua. Anatandikia kuku hadithi zetu.”

Mwihaki akasonya. “Kwa hivyo umemwacha kwa sababu bahasha yako ilichafuliwa. Angeisoma, ungekuwa bado umeshika beseni.”

“Ndiyo,” Hesbon akasema. “Ningekuwa.”

Mwihaki hakulitarajia jibu hilo. Akatazama gunia, kona za bahasha zikichungulia mdomoni. “Na hizi zote ni zako?”

“Yangu ni hiyo bahasha moja. Kuna ya Lenah wa Naitiri, kuna ya Kimeli wa Moi's Bridge, na wengine siwajui. Nilizitoa zote akiniona. Akasema hakuna mahali nitachapishwa. Nataka kuwarudishia wenyewe, lakini nitawapelekeaje zikiwa hivi?”

Mwihaki akalifungua gunia. Manyoya, kinyesi, kiini cha yai kimekaukia kwenye jina la mtu. Kinyaa kikamshika tena, safari hii si kwa Hesbon. Akaingia dukani, akatoka na visu viwili butu.

“Kwangua polepole. Usichane.”

Wakakaa juu ya kreti, wakikwangua ukurasa baada ya ukurasa, wateja wakipita wameziba pua.

“Tukimaliza hizi,” Hesbon akasema bila kuinua macho, “nilete wazee wetu kwenu Endebess?”

“Kwanza unawe. Unanuka.”

Akachukua jagi, akammiminia maji hadi mikono ikatakata. Alijua lile tabasamu juu ya beseni litamrudia siku nyingine, hata wakizeeka pamoja. Hesbon akalichukua jagi mkononi mwake.

“Sasa wewe.”

Mwihaki akakunja mikono ya sweta, akamnyooshea viganja.