Ada ya Farasi Watano

Nikidanganya hata neno moja, farasi wangu aote pembe. Haya ni kweli tupu, wafugaji wenzangu.

Nina jirani, Dorligjav, dereva wa lori mstaafu. Asubuhi moja ya kiangazi alikuwa mlangoni mwa hema lake akinywa chai ya chumvi, ametulia. Mkewe, Tsermaa, alikuwa akifunga kwenye kitambaa pesa za manyoya ya mbuzi aliowachana msimu mzima. Zilikuwa za kununua sufu nzito ya kuezekea hema, maana ya zamani imetoboka, na baridi yetu mnaijua.

Ndipo akapita mtu wa pikipiki akitangaza mbio za farasi wa miaka miwili. Kila farasi alipiwe ada, na ada zote ziongezwe kwenye zawadi.

Dorligjav hakutulia tena. Akikaa, anasimama. Akisimama, anazunguka kigingi cha farasi.

"Mama, nikiingiza mmoja, zawadi inapanda kidogo. Nikiingiza watano, inapanda mara tano!"

"Na wakishindwa?"

"Wote watano? Labda wawe mbuzi."

"Mzee, hilo ni paa langu."

"Nitakununulia mapaa mawili, moja la akiba."

Pesa zote za kitambaani akazilipa ada ya farasi watano. Siku ya mbio upepo ulivuma hata kofia yangu ikafika mjini kabla yangu. Vumbi likapasuka, akatokea wa kwanza: si wake. Wa kumi: si wake. Zawadi aliyoinenepesha mwenyewe ikabebwa na bwana mwenye farasi mmoja tu, tena wa sikio moja. Watano wake wakaja mkiani, wamepanga foleni. Yule wa mwisho kabisa, kama ilivyo desturi yetu ya kumtia moyo anayeshika mkia, akaimbiwa sifa za tumbo lake nene na kumwagiwa maziwa yaliyochachuka. Dorligjav akalia kwa fahari!

"Wimbo mzuri," Tsermaa akasema. "Haya, utandike juu ya hema tuone kama utazuia theluji."

FUNZO

Ndugu zangu, zawadi ya mchango hujazwa na wengi, huondoka na mmoja. Usiijaze kwa paa la mwenzio. Kamuulizeni Dorligjav…

Hapa nimezabwa kofi la kisogo. Mke wangu alikuwa anasoma ninachoandika, akichungulia begani pangu.

"Jirani gani? Bonde zima lina dereva mstaafu mmoja! Jina lako umelibadilisha, langu umesahau kulibadilisha!"

Basi, nimekamatika. Tandiko langu la nakshi za fedha limeondoka leo na mnunuzi, na sufu imeshushwa mlangoni. Naishia hapa, Tsermaa yuko juu ya hema, ananirushia kamba.