Siku Maji ya Kamuiru Yalipokatika

Gogo lile la kuvukia mto lilikuwa limevusha mbuzi, magunia ya viazi na, mwaka mmoja, hata pikipiki iliyosukumwa na wanaume wanne. Lakini Jumamosi hiyo ya mwezi wa kumi na mbili lilikataa kumvusha Mwalimu Hezekiah. Alikuwa ametangulia, kamba kiunoni, ili alijaribu kwanza kabla watoto hawajalikanyaga. Mvua ya usiku kucha ilikuwa imeula udongo wa ukingo wa mto. Alipofika katikati, gogo lilizunguka mara moja, likamtupa majini, kisha likamwangukia.

"Vuta!" Waithira alipiga kelele. "Usiachilie, Koome! Vuta!"

Watoto wanne walivuta. Kamba iliwachuna viganja, miguu ikateleza kwenye matope, lakini mwisho wake ulikuwa umefungwa kwenye mti, na fundo lilishika. Gogo lilikwenda na maji. Mwalimu alitoka amepauka, mguu wa kulia umekaa mkao ambao mguu haukai, na paja limepasuliwa na tawi mpaka damu inatoka kwa kasi.

Waithira alikuwa na miaka kumi na mitatu, na ndiye kiongozi wa Patroli ya Mondo, iliyopewa jina la paka wa porini, katika kikosi cha skauti cha shule moja ya Ruring'u, mjini Nyeri. Patroli yenyewe haikuwa jeshi la kutisha mtu. Kulikuwa na Koome, wa miaka kumi na miwili, aliyehamia Nyeri kutoka Meru na ambaye hakujua kuogopa hata pale inapofaa. Kulikuwa na Tabby, binti wa fundi wa nguo, mwenye maneno mengi kuliko redio. Na kulikuwa na Wamae, wa miaka tisa, ambaye mikono yake haikuwahi kukaa bure tangu azaliwe.

Mwaka mzima Mwalimu aliwafundisha. Januari walifunga mafundo kwenye nyasi za uwanja wa Ruring'u mpaka wapita njia wakawacheka. Machi waliwasha moto kwa kuni mbichi, wakatoa moshi mwingi na chai kidogo. Aprili walipanda miche, na Agosti wakasafisha chanzo cha maji cha kijiji cha Kamuiru. Safari hii ya siku tatu msituni ndiyo ilikuwa ya mwisho, na wakiimaliza wangepata beji. Mvua ilipozidi, Mwalimu aliamua warudi siku moja mapema. Kwa hiyo hakuna mtu yeyote duniani aliyewatarajia kabla ya Jumapili jioni.

Walivua skafu zao nne wakafunga paja. Fimbo mbili za kutembelea zikawa gango la mguu. Waithira alifunga kama alivyofundishwa, akaweka fundo pembeni ya jeraha.

"Simu?" aliuliza.

"Imekunywa maji," Mwalimu alisema. Meno yake yaligongana. "Na hapa bondeni hakuna netiwaki hata ingekuwa kavu. Waithira, sikiza. Hawa watoto ni wako sasa."

"Usiseme hivyo, Mwalimu."

"Nasema tu ukweli. Funika mgonjwa. Piga filimbi."

Walipiga filimbi mpaka midomo ikauma. Mto ulizimeza zote. Damu ilipungua lakini haikukoma, na juu, upande wa mlima, mawingu meusi yalianza tena kujikusanya. Ilikuwa saa sita mchana. Waithira aliiangalia midomo ya Mwalimu, iliyoanza kuwa ya bluu, akajua kwamba mtu huyu hataifikia Jumapili jioni. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

Hatua hamsini juu yao, bomba jeusi la maji ya Kamuiru lilivuka mto likiwa limening'inizwa kwenye waya. Alipogeuka, Koome alikuwa tayari amelipanda.

"Mimi ni mwepesi!" alipaza sauti. "Nafika ng'ambo nikaite watu!"

Waya ulilia. Bomba likaanza kucheza, na chini yake maji ya kahawia yalikuwa yanabingirisha mawe. Waithira alikimbia, akamshika mkoba wa mgongoni na kumvuta mpaka wakaanguka wote wawili chali.

"Ukianguka niko na mgonjwa mmoja na maiti moja. Unataka hivyo?"

"Sasa tufanye nini? Tukae tu tumuone akikufa?" Koome alikuwa analia, na alikasirika kwa kuwa analia.

Waithira alikuwa bado amelala chali, kichwa kimeegemea bomba, na ndani ya bomba alisikia maji yakikimbia kwenda Kamuiru. Ndipo alipokumbuka Agosti.

Mwezi huo, walipokuwa wakisafisha chanzo, Wamae alilizungusha gurudumu la koki kuu kwa mchezo tu, aone kama linazunguka. Lilizunguka. Nyumba zote za Kamuiru zikakauka Jumamosi, siku ya kufua, kwa sababu tangi la kijiji lilikuwa limepasuka na maji yalikwenda moja kwa moja kwenye mifereji. Haikupita saa moja, mzee Gikonyo, mtunza maji wa mradi ambaye watoto wote walimwita Guka, yaani babu, alifika juu akihema kwa hasira. Waithira, akiwa kiongozi, alibeba lawama. Alipelekwa nyumba kwa nyumba kuomba msamaha, kisha mbele ya akina mama wenye beseni za nguo zenye povu akainua vidole vitatu akaapa, kwa heshima ya skauti, kwamba hakuna mtu wa Mondo atakayeligusa gurudumu lile tena. Aliona aibu siku ile mpaka akatamani kuhama Nyeri.

Na leo? Ijumaa, walipokuwa wakipita, waliona vijana wakisimamisha tenti nyeupe nyumbani kwa Simeon, nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Leo palikuwa na ruracio, mahari ya binti yake. Wageni mia mbili, sufuria kubwa kubwa, akina mama jikoni tangu alfajiri. Ikiwa kuna siku ambayo Kamuiru isingevumilia mfereji mkavu hata kidogo, ni hii.

"Tunaenda kufunga maji," alisema.

Koome alimtazama. "Lakini uliapa."

"Najua niliapa. Simama twende."

Mwalimu aliwafundisha wasigawe patroli, naye akaigawa. Tabby alipewa kazi ya kumzuia Mwalimu asilale. Wamae aliwekwa juu ya jeraha.

"Bonyeza na mikono yote mbili," Waithira alimwambia. "Usitoe. Hata kama unawashwa na pua, usitoe."

Wawili wale walilifuata bomba kupanda mlima. Kwa miguu ya mtu mzima na njia kavu ni mwendo wa nusu saa. Njia haikuwa kavu. Mianzi ilikuwa imelala juu ya bomba, ikawabidi kutambaa chini yake kwa matumbo, na thabai, majani yale ya kuwasha, ziliwachoma mikono na masikio. Kila walipopanda hatua tatu, matope yaliwarudisha moja. Koome aliteleza, akapasua goti, akatazama damu yake kama kitu cha mtu mwingine na kuendelea.

Kwenye kona moja walikuta kinyesi cha ndovu, na kilikuwa kinatoa mvuke. Waliinua macho. Ndovu mwenyewe alikuwa amesimama juu ya bomba, hatua thelathini mbele, anavunja mianzi bila haraka yoyote. Waithira alimshika Koome bega wakachuchumaa. Koome alianza kusali kwa Kimeru, midomo tu ikicheza. Dakika zilipita, na kila dakika Waithira aliiona damu ya Mwalimu. Alitamani kumpigia yule mnyama kelele. Hakupiga. Mwishowe ndovu aliona mianzi mizuri zaidi upande wa kushoto, akaondoka.

Walifika kwenye chanzo, sanduku la saruji lililojengwa mahali kijito kinapotoka mwambani. Koki ilikuwepo, na gurudumu la chuma. Juu ya gurudumu kulikuwa na mnyororo, na kwenye mnyororo kufuli jipya kubwa kama ngumi. Mzee Gikonyo hakuwa mtu wa kutegemea vidole vitatu vya mtoto.

Waithira aliokota jiwe akalipiga kufuli. Alilipiga mara kumi, mpaka jiwe likavunjika mikononi mwake. Kufuli halikupata hata mkwaruzo wa maana. Alikaa chini. Kama Wamae asingechezea koki, kufuli lisingekuwepo, na kama yeye angemwangalia vizuri, Wamae asingechezea koki. Alijichukia pale chini kwa muda wa pumzi tatu nne hivi, kisha akaona haina faida.

"Turubai," alisema. "Toa turubai."

Lilikuwa mkobani mwa Koome, limelowa bado. Walifungua kifuniko cha saruji kwa kukiinua na fimbo ya Koome, wakisukuma mpaka macho yakawatoka. Waithira aliingia ndani na nguo zake. Maji yalimfika kifuani, na baridi yake ilimkata pumzi. Alipapasa kwa miguu akaupata mdomo wa bomba, wenye chujio. Alizama na turubai lililokunjwa mara nne. Bomba likalivuta kwa nguvu, likalibana, lakini pembeni maji yalipita.

"Mawe!"

Koome alileta mawe. Waithira alizama, akapanga, akaibuka, akazama tena. Vidole vyake vilikoma kusikia, ikawa anapanga kwa kutazama tu. Mwishowe alisimama juu ya mawe yale kwa miguu yote miwili, akajikandamiza.

"Sikiza bomba!"

Koome aliweka sikio. "Bado... bado... imepungua." Kisha aliinua uso. "Imenyamaza! Waithira, imenyamaza!"

Waithira hakutoka upesi. Alihesabu mpaka mia tano, Koome akaingia akahesabu mia tano zake, huku wakiongeza mawe, mpaka wakaona rundo linajitegemea. Kisha walikimbia, wakianguka, wakikalia matope, wakishuka kwa makalio penye mteremko mkali.

Walipokaribia mto, kitu cha kwanza walichosikia ni sauti ya Tabby.

"Mwezi wa tano, Mwalimu! Tulifanya nini mwezi wa tano? Usilale! Mwezi wa tano!"

"Tulienda..." Sauti ya Mwalimu ilikuwa nyembamba. "Tulienda Mwea. Kuangalia mchele."

"Nani alianguka kwenye mchele?"

"Wewe."

"Ndio! Na mwezi wa sita?"

Wamae hakugeuka. Alikuwa amepiga magoti, mikono yote miwili juu ya paja, imeganda pale pale alipoachwa. Siafu walikuwa wamempanda shingoni. Machozi yalimtoka, lakini mikono haikutoka. Waithira alimng'oa siafu mmoja mmoja.

Matone ya mvua yalianza. Kisha, ng'ambo ya mto, vichaka vikatikisika, akatokea mzee Gikonyo. Alikuwa amevaa suti ya kijivu na tai, suruali amekunja magotini, panga mkononi. Nyuma yake walikuja akina mama saba waliovalia nguo za sherehe, kila mmoja na mtungi mtupu.

"Ni nani amefunga maji yangu?" Gikonyo alinguruma. "Ati leo! Siku ya ruracio! Ni nani huyo nimkate—"

Ndipo akawaona. Aliona gogo halipo, aliona watoto, aliona mtu aliyelala. Panga lilishuka polepole. Mama mmoja aliachilia mtungi wake, ukabingirika mpaka majini.

"Ni sisi tumefunga, Guka!" Waithira alilia kwa sauti yake yote. "Mwalimu anakufa!"

Gikonyo hakuuliza swali la pili. Aligeuka akaita kuelekea kijijini, na Waithira hakuwahi kusikia mzee akitoa sauti kama ile.

"Simeon! Kata kamba za tenti! Zote! Leta wanaume na ngazi!"

Wakwe wa Simeon walikuja na viatu vyao vya kung'aa. Kamba zilirushwa, zikafungwa kwenye miti pande zote mbili, na Waithira ndiye aliyefunga upande wake, mafundo ya Januari. Wanaume wawili walivuka wakijishikilia, maji kifuani. Mwalimu alifungwa kwenye ngazi kwa leso za akina mama, akavushwa juu juu. Watoto walivushwa migongoni. Kabla ya saa kumi na moja, pikapu iliyokuwa imeleta ndizi za mahari ilikuwa inateremka na Mwalimu kuelekea hospitalini Nyeri. Huku nyuma, tenti zilikuwa zimelala chini na wageni walinawa mikono kwa soda.

Daktari alisema kuchelewa saa mbili zaidi kungekuwa mwisho wa Mwalimu.

Wiki mbili baadaye, Waithira na patroli yake walirudi Kamuiru na kuanza kupita nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyewatuma. Mke wa Simeon alikataa kabisa kusikia msamaha, akawalisha mpaka Koome akashindwa kuinama. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mzee Gikonyo. Walimkuta uani anaunga bomba.

"Nimekuja kuomba msamaha juu ya maji, Guka."

Hakuinua kichwa. "Mwezi wa nane uliapa nini?"

"Kwamba hakuna mtu wa Mondo atagusa hiyo gurudumu."

"Nimepanda nikaiangalia. Haijazungushwa hata kidogo. Kwa hivyo kiapo yako iko sawa. Enda nyumbani."

Lingekuwa jambo rahisi kusema asante na kuondoka. Waithira alibaki amesimama.

"Hapana, Guka. Niliipiga hiyo kufuli na jiwe mara kumi. Ndiyo ilinishinda. Ningekuwa na ufunguo, ningezungusha gurudumu."

Mzee aliacha kuunga bomba. Aliingia nyumbani, akarudi na ufunguo mdogo uliofungwa kwa uzi wa katani.

"Hii ni ya pili," alisema. "Ya kwanza iko na mimi. Siku ingine usiingie kwa maji baridi, utapata nimonia."

Waithira aliinua vidole vitatu. Gikonyo aliushusha mkono wake.

"Sitaki kiapo. Shika tu."

Waithira akaupokea ufunguo. Nyuma yake, Wamae aliutazama mara moja tu, kisha akaitia mikono yake yote miwili mifukoni bila kuambiwa.