Siku ya Mapumziko na Mizigo ya Majirani

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, binti yangu Modesta humwagilia kabichi bustanini kwetu Soni. Ana miaka kumi na miwili. Jicho lake la kushoto lina mtoto wa jicho, kwa hiyo huinamisha kichwa upande kama kuku anayetafuta punje. Wenzake humwita Kuku, naye hucheka pamoja nao. Mimi mama yake sikuwahi kucheka.

Mwaka huu tulipata tarehe ya upasuaji Dar es Salaam. Bingwa wa macho ya watoto angekuja kwa wiki moja tu. Nesi Esta wa wadi ya macho ya hospitali ile alinipigia simu, akanieleza tufike siku moja kabla, na siku hiyo mtoto asifanye lolote. Aoge, ale uji, anywe maji mengi, alale. Alisema sisi tunatoka kwenye baridi, joto la huko litamchosha, na mtoto mwenye homa hapewi dawa ya usingizi. Modesta aliandika yote kwenye daftari, mpaka saa ya kuoga. Alipanga kukaa kibarazani kwa mjomba wake Kristian, Kimara, akihesabu mabasi ya mwendokasi.

Lakini kwetu msafiri hubebeshwa. Habari ilipoenea, Mama Zainabu akaleta ndoo ya mapeasi ya kumpelekea binti yake Shamsa, aliyeolewa Tegeta. Mzee Abrahamu akaleta kiroba cha viazi cha kumpelekea mwanawe wa Mbagala. Ningekataa, wangesema nimeanza kuringa hata Mombo, chini ya mlima, sijafika. Nikapokea.

"Mama, kwenye daftari hakuna Tegeta," Modesta aliniambia.

"Tutapeleka haraka tu, mwanangu. Mapeasi yataoza."

Tulishuka stendi ya Mbezi saa nane mchana, jua linachoma. Kristian alitupokea, akasema atawapigia simu wenye mizigo waje wenyewe kuchukua. Nikamwambia hiyo si heshima, watu wa nyumbani watasema. Basi tukaenda Tegeta, Modesta na sweta lake. Kisha tukaenda Mbagala, ambako ni upande mwingine kabisa wa jiji. Njiani nilimuuliza kama yuko sawa, akasema yuko sawa. Kumbe kichwa kilimuuma tangu Tegeta, ila aliogopa kunitia aibu kwa wenyeji. Tulifika Kimara giza limeshaingia. Uji hakuugusa.

Asubuhi alitapika mlangoni pa wadi. Nesi Esta akampima joto mara mbili, kisha akamwita yule daktari bingwa, naye akasema leo hapasuliwi. Nilipiga magoti palepale kumsihi. Daktari aliniinua, akasema kwamba kwa homa ile, akimlaza kwa dawa anaweza asiamke. Hata homa ikishuka, lazima zipite wiki mbili ndipo alazwe kwa dawa, na keshokutwa yeye anaondoka, atarudi Machi mwaka ujao.

"Shikamoo daktari," Modesta alisema. "Mwaka ujao jicho litaona?"

"Marahaba, mwanangu. Jicho la mtoto likikaa sana bila kuona, husahau kuona. Tutajaribu, lakini siwezi kukuahidi."

Walimtundikia dripu, na jioni homa ikashuka. Ndipo Nesi Esta alipokuja kukaa kitandani kwetu.

"Wewe Modesta, mwili ukikuuma sema, hata mbele ya wageni. Kunyamaza si adabu," alisema. "Na wewe mama, siku ile ya kupumzika ilikuwa matibabu, sawa na sindano. Ilikuwa ya mtoto, nawe ukawagawia majirani."

 Ninyi mnaosoma, na ninyi wazazi wao, mkiambiwa mtoto apumzike, apumzike kweli. Anayetaka kununa na anune.

Sisi tunasubiri Machi. Kila Jumapili baada ya kanisa Modesta hufunika jicho la kulia, lililo zima, kwa kiganja, akaniambia anachokiona kwa lile lingine. Mwezi uliopita aliona vidole vyangu. Juzi aliona mwanga wa dirisha tu.