Alhamisi za Roquelaine

Boksi lilipasuka katikati ya soko la Castres, Jumamosi saa nne asubuhi, mvua ikinyesha kama iliyotumwa. Picha zaidi ya mia zikamwagika mbele ya meza ya jibini ya Nadège Escande. Mwenye boksi, mwanamume mrefu mwenye sweta la kijani lililolowa chapachapa, akapiga magoti majini akiziokota huku akimwomba radhi kila aliyepita.

"Kaka, sasa unaviomba radhi viatu vya watu?" Nadège alimwuliza, naye akiinama kumsaidia.

"Afadhali vinisikie vyenyewe, dada. Vinakanyaga babu zetu."

Zilikuwa picha za timu za raga: wanaume kumi na watano kumi na watano, masharubu mazito, mikono imekunjwa kifuani. Nadège akaokota moja, akaganda. Mstari wa nyuma, wa pili kutoka kushoto, alisimama baba yake, kijana, anacheka mpaka ufizi unaonekana. Nadège alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na cheko lile hakuwahi kuliona nyumbani kwao.

"Huyu ni Fernand Escande," alisema polepole. "Ni baba yangu."

"Escande wa Pontfrège? Yule aliyekuwa akisukuma skramu, lile rundo la wachezaji wanaosukumana vichwa chini, peke yake kama trekta?" Macho ya yule bwana yaling'aa. "Dada, nimemtafuta miezi minane. Kila nikipiga simu anakata."

Jina lake lilikuwa Bastien Delpoux, mwalimu wa historia, na alikuwa akiandika kitabu cha vilabu vya raga vya bonde lile lililo chini ya Mlima Mweusi. Vilikuwa vinne zamani, kila kiwanda cha sufu na klabu yake. Mtu aliajiriwa kuosha ngozi za kondoo kwa sababu ya upana wa mabega yake, na mwenye kiwanda ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa klabu. Viwanda vilipofungwa, vilabu vitatu vilikufa navyo. Cha nne kilikuwa kinahema kwa taabu.

Wiki ile ile Bastien akapiga simu.

"Nataka kuuliza habari za jibini."

"Jibini gani?"

"Yoyote itakayonichukua nusu saa kuulizia."

Nadège akacheka. Nusu saa ikawa saa nzima, na kufikia Aprili ikawa kila siku. Alimwita "profesa wangu wa matope", naye akamwita "malkia wa maziwa". Jumapili walikwenda kutazama ile klabu ya mwisho ikishindwa mbele ya watu arobaini, wote wamejikunyata kwa autan, ule upepo mkali wa kusini-mashariki, kisha wakala maharage na soseji kwenye mkahawa wa uwanjani. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi Nadège alijinunulia gauni jekundu.

Siku moja akamweleza kwa nini alikuwa hajaolewa.

"Baba alikuwa na mwanamke. Kila Alhamisi mchana, mvua au jua, anapanda pikipiki yake anatokomea. Mama akimwuliza, kimya. Akilia, kimya. Nilipofika miaka kumi na mmoja mama akafunga sanduku lake, akaenda zake Toulouse. Na mzee hajaacha mpaka leo! Kwa hiyo nikikuuliza kitu, Bastien, unijibu. Hata kama ni kibaya. Nijibu."

"Nitakujibu, mpenzi," alisema Bastien, akambusu kiganja.

Ni Nadège mwenyewe aliyempeleka kwa baba yake, aliyeishi peke yake kijijini Pontfrège. Macho ya mzee Fernand yalikuwa yakififia kwa ugonjwa, pikipiki ilikuwa imeegeshwa bandani tangu Pasaka, na labda giza lile ndilo lililomlegeza. Alimwomba Nadège amwachie kijana peke yake. Nadège akaenda kuchuma mboga bustanini, na aliporudi aliwakuta wamekaa kimya, uso wa Bastien umepauka.

"Amekuambia nini?"

"Habari za raga tu," alisema Bastien, akatazama pembeni.

Tangu siku hiyo Bastien hakupatikana Alhamisi mchana. Mara yuko Toulouse kwenye nyaraka, mara ana kikao. Nadège alijilazimisha asihesabu. Lakini mwezi Juni Madame Vialelle, mteja ambaye mdomo wake hauna mlango, alisema huku akionja kipande cha jibini:

"Yule mwalimu wako ana jamaa kule kijijini Roquelaine? Kila Alhamisi gari lake liko pale nyumba ya karibu na kanisa. Anafunguliwa mlango na binti mmoja, we! Nywele mpaka kiunoni."

Jioni Nadège akainua simu.

"Alhamisi ulikuwa wapi?"

Kimya.

"Bastien, nimekuuliza."

"Nadège, kipenzi, si kama unavyofikiri. Nipe muda kidogo."

"Ni nani wa Roquelaine?"

"Siwezi kukuambia. Nimeapa."

"Umeapa! Na mimi uliniahidi nini?"

Alisikia pumzi yake tu. Ilikuwa pumzi ile ile ya baba yake, kule sebuleni, mama akiwa analia. Akaweka mkono wa simu chini taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Bastien alikuja sokoni mara tatu. Mara zote tatu Nadège alihudumia waliokuwa nyuma yake. Gauni jekundu akampa jirani.

Novemba mzee Fernand akafa usingizini. Kaburini walikuwa watu ishirini, wazee wengi wao, wenye masikio yaliyopondeka kwa raga. Kasisi alikuwa ameanza kusoma ndipo changarawe zikalia. Bastien alikuwa anakuja akisukuma kiti cha magurudumu, na juu yake mtu mwembamba, mikono imelala mapajani kama glavu tupu. Pembeni alitembea binti mwenye nywele mpaka kiunoni.

Walipomaliza, yule mtu akaomba asogezwe karibu na Nadège.

"Mimi ni Émile Barthas. Nilichezea Roquelaine. Huyu ni mpwa wangu, ndiye anayeniuguza. Mwaka sitini na nane skramu iliporomoka, shingo yangu ikavunjika. Refa aliandika uwanja uliteleza. Uwanja haukuteleza, mama. Baba yako aliiangusha makusudi, kwa sababu mwenye kiwanda chao aliwaamuru tushindwe kwa vyovyote."

Nadège aligeuka kulitazama kaburi.

"Angesema, kiwanda kingemfukuza na klabu ingefungiwa. Akanyamaza. Ila baada ya mwezi mmoja alikuja kwangu, mama yangu akiwa sokoni, akapiga magoti akanieleza yote. Ilikuwa Alhamisi. Nikamtukana. Alhamisi iliyofuata akarudi. Miaka ishirini na tisa alininyoa ndevu, akanilisha, akanisomea matokeo ya mechi. Macho yake yalipokwisha, bwana huyu ndiye aliyekuwa akimleta. Alituapisha sote. Alisema ukijua utamwona muuaji."

Jioni hiyo Nadège alimpigia mama yake na kumweleza neno kwa neno. Upande wa pili alisikia kiti kikivutwa.

"Mama?"

"Nipo." Sauti ilikuwa ndogo, ya kizee. "Mbona hakuniambia? Ningekwenda naye, Nadège. Ningepika, tungekwenda wote wawili."

Siku ya tatu baada ya mazishi Bastien alimkuta Nadège nyumbani kwa mzee akipanga nguo za marehemu. Bastien mwenyewe alikuwa amekonda. Akaweka mezani kurasa chache.

"Ni sura ya kitabu, ile ya Pontfrège. Kama hutaki, naitoa."

Nadège alisoma amesimama mpaka mwisho. "Iache ilivyo. Weka na jina la yule aliyetoa amri."

"Nitaliweka." Akamshika mikono. "Nisamehe. Nilimwahidi mzee. Sasa hakuna tena cha kufichana. Tuoane, Nadège. Nimepata kazi Pau, Januari naanza. Twende wote."

Nadège alimtazama. Alikuwa anampenda bado, na hilo ndilo lililomuuma.

"Hukunidanganya na mwanamke, najua. Lakini nilikueleza mama yangu aliondoka kwa nini. Ulijua ukweli, ukaniona nakonda miezi mitano, ukanyamaza."

"Nilimwapia mtu aliyeamini atakufa karibuni."

"Na mimi nilikuwa hai, Bastien. Ungemwambia mzee, 'Mwambie mwanao, au nitamwambia.' Mara moja tu. Ulimwambia?"

Bastien aliiachia mikono ya Nadège. Akatikisa kichwa.

"Basi nenda, mpenzi wangu. Baba nimemsamehe kwa sababu amekufa. Wewe ningelazimika kukusamehe kila ukinyamaza mezani, na sina nguvu hizo."

Alimbusu, kwenye mdomo, kwa muda. Bastien akatoka, kichwa amekiinamisha dhidi ya upepo. Nadège alisubiri gari likunje kona ya kiwanda kilichofungwa, kisha akafungua madirisha yote mawili ya sebule ile, akaketi, akalia kwa sauti kubwa, mpaka majirani wakatoka nje kusikiliza.