Vidonda Vilivyoachwa Wazi

Majirani wangu wa Kitengela, haya yalitokea katika nyumba ya watu tunaowasalimia kila siku. Nawasimulia ili tuogope mapema.

Ndeti na mkewe Nthenya waliishi upande wa kuelekea Kisaju na binti yao Mbeke, wa darasa la pili. Jumamosi moja Mbeke alikuwa akiwamwagia kuku mahindi, mama yake akianua nguo, waliposikia fujo mtaroni. Mbwa wa kuzurura walikuwa wamewashambulia watoto wawili wa paka. Ndeti aliwafukuza mbwa hao kwa mawe. Paka mmoja alikuwa amevunjika mguu, mwingine amechanwa shingo.

Ndeti aliwaleta nyumbani, akawapiga picha na kuzituma kwenye kundi la simu la mtaa. "Tusaidieni tuwapeleke kwa daktari wa mifugo," aliandika. Watu wakachanga, hata Kafiya, jirani yao anayeuza nguo sokoni. Pesa zilivyozidi kuingia, Ndeti alinogewa.

"Tuwapeleke leo," Nthenya alisema. "Hicho kidonda kinanuka."

"Ngoja kwanza. Wakipona, nani atachanga tena?"

"Baba Mbeke, hizo si pesa zetu."

"Nitawapeleka. Niko na mpango."

Mpango wenyewe ulikuwa kutuma picha nyingine, kisha nyingine tena. Majuma yakapita. Michango ikanunua pikipiki. Yule aliyevunjika mguu akafa, na Ndeti hakumwambia mtu.

Asubuhi moja yule wa pili alibadilika. Alijibanza nyuma ya pipa la maji, ute ukimtiririka mdomoni, aking'ata chochote kilichomkaribia, hata ukuta. Alipojaribu kutembea, miguu ya nyuma iliburuzika. Nthenya alimvuta bintiye ndani, akafunga mlango.

"Mbeke, huyu paka amewahi kukuuma?"

Mtoto alificha mkono mgongoni. "Juzi. Baba alisema tusiwaguse. Niliogopa atanichapa."

Kidoleni palikuwa na alama mbili ndogo, karibu kupona. Nthenya alimpigia simu Kafiya, ambaye alikulia kwenye mifugo.

"Hicho kinaweza kuwa kichaa cha mbwa," Kafiya alisema. "Osha hapo na sabuni, maji yakitiririka, osha sana. Nakuja na gari. Usimngoje mzee wako."

Hospitalini Mbeke alichomwa sindano kando ya kidonda na nyingine begani. Ndeti alifika akihema.

"Atapona?" alimuuliza daktari.

"Tumeanza kabla ya dalili, na hiyo ni bahati. Dalili zikishaanza, mgonjwa akashindwa kumeza hata maji, hatuna dawa. Msikose sindano hata moja."

Paka alikufa siku iyo hiyo. Githongo, daktari wa mifugo, alituma kichwa chake kupimwa. Majibu yalipokuja, alimwita Ndeti.

"Ni kichaa cha mbwa. Ungemleta paka siku ile alipoumwa na mbwa, ningekwambia umtenge, na mtoto asimkaribie."

Ndugu zangu, sijui kama mnaujua uoga wa nyumba ile. Mbeke akipaliwa na maji, baba yake alisimama. Akikataa chai, mama yake alitoka nje asionekane akilia. Akilala sana, walimwamsha. Asipolala, walikesha naye. Naye mtoto aliuliza, "Mbona mnaniangalia hivyo?"

Ndeti aliuza pikipiki, akaandika ukweli wote kwenye kundi na kurudisha alichoweza. Wengi walitoka kwenye kundi. Kafiya peke yake aliandika, "Mtoto ameamkaje?"

Mbeke alimaliza sindano zake na yuko hai. Amerudi shuleni. Lakini mpaka leo, anapoinua kikombe, baba yake huacha anachofanya mpaka ameze.

FUNZO

Mchango unaotolewa kwa ajili ya mgonjwa, awe mtu au mnyama, ni wa matibabu yake. Ukimwacha na kidonda ili uendelee kuomba, hujui kidonda hicho kitaingia nyumba gani. Nasi tunaochanga tuulize amepelekwa kwa daktari lini. Na mtoto akiumwa na mnyama, aoshwe kwa sabuni na maji mengi, apelekwe hospitali hapo hapo. Tusimchape. Mtoto anayetuogopa atanyamaza.